Jenereta za shule zahitaji lugha, si oili tu

Mto Tana umelipa taifa hili nuru kwa muda mrefu. Bwawa la Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka wa 1968, likafuatwa na Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Mabwawa haya yamejipanga kusini mwa Embu, lakini shule za bweni za Embu na Meru zingali zinaweka jenereta ya dizeli nyuma ya jiko. Sababu yaeleweka. Mwaka wa 2000 ukame ulileta mgao mkali wa umeme, na mwaka wa 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani zaidi ya mara moja. Stima ikipotea wakati wa mitihani, mtahiniwa hutegemea injini hiyo.

Nimezuru shule kadhaa za eneo hili na kuona jenereta zilizokufa kabla ya wakati wake. Kwa maoni yangu, zilizo nyingi haziuawi na uchakavu. Kitabu cha maelekezo huandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa kabatini ofisini, ilhali anayeiwasha mashine ni bawabu ambaye hajapata kukifungua. Maarifa yapo, ila hayamfikii mwenye kuyahitaji.

Na tuyatazame maarifa yenyewe. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huikandamiza hewa mpaka ikawa moto sana, kisha nozeli hunyunyiza mafuta, nayo yakawaka yenyewe. Kwa hiyo injini hii hudai hewa safi na mafuta yasiyo na maji. Vumbi la Siakago na Ishiara huziba chujio la hewa. Huko juu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, baridi ya usiku hugeuza unyevu kuwa matone ndani ya tangi lililoachwa nusu tupu. Dawa yake ni kulijaza tangi baada ya kazi, injini ikishapoa, na kuyamwaga maji yanayotuama chini ya chujio la mafuta. Dizeli ikiisha kabisa, hewa huingia mabombani. Ajuaye hulegeza skrubu na kusukuma pampu ya mkono hadi mafuta yatoke bila mapovu. Asiyejua huendelea kupiga stata mpaka betri ife.

Liko kosa jingine kubwa zaidi. Taa zikififia, mtu hukimbilia skrubu ya gavana, kile kidhibiti mwendo, akaikaza. Jenereta yenye ncha nne za sumaku yapaswa kuzunguka mara 1,500 kwa dakika ili itoe umeme wa hezi 50. Ikizidishwa, hudhuru kompyuta na kujidhuru yenyewe. Huenda kisa ni chujio lililoziba au mzigo mkubwa mno. Tena mji wa Meru uko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini. Tapeti nazo hupimwa kwa kipimo alichotaja mtengenezaji, wala si kwa kukisia. Oili hubadilishwa kwa kuhesabu saa za kazi: injini nyingi huhitaji oili mpya kila baada ya saa 250, na zilizo ndogo mapema zaidi. Pasipo daftari, nani atazikumbuka saa hizo?

Wapo watakaosema kuwa Kiswahili hakina maneno ya kuelezea mambo haya. Mafundi wa jua kali wamekwisha kuwajibu. Fundi wa Meru na bawabu wa Mbeere huelewana kwa Kiswahili, wakitaja gavana, nozeli, tapeti na gasketi bila kigugumizi. Hata hilo neno stima liliitwa kwanza meli ya moshi kabla ya kuhamia kwenye umeme. Sisi wanaisimu ndio tuliochelewa kuyakusanya maneno hayo na kuyaingiza katika kamusi. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini urasmi huo haujafika kwenye kibanda cha jenereta.

Nawapendekezea walimu jambo lisilo na gharama. Mwalimu wa fizikia na mwenzake wa Kiswahili washirikiane. Wanafunzi wamhoji fundi anayeihudumia mashine ya shule, wakisome kitabu cha mtengenezaji, kisha waandike maagizo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili sanifu: la kufanya kabla ya kuwasha, baada ya kuzima, na kila baada ya saa kadhaa. Waongeze onyo kwamba moshi wake huua katika chumba kisichopitisha hewa. Fundi aukague ukurasa huo, kisha ubandikwe ukutani, na kando yake daftari la saa, oili na machujio. Wanafunzi wasiiguse injini. Kazi yao ni kuandika.

Neno fundi na neno fundisha ni ndugu wa shina moja. Shule itakayoliandaa karatasi hilo muhula huu itakuwa imetoa somo la fizikia na la insha kwa pamoja, na watahiniwa wake watakuwa na taa ya kusomea stima ikipotea.