Kujifunza rangi za mafuta kwa kunakili picha

Wengine wenu mmetuuliza namna ya kuanza kupaka rangi za mafuta. Sisi tulijifunza kwa kunakili, nasi tunataka kuwafasiria kazi hiyo kwa picha moja: «Maono baada ya mahubiri», aliyoichora Paul Gauguin mwaka 1888 kule Pont-Aven, nchi ya Bretagne, Ufaransa. Mwaka 1891 Albert Aurier alipoandika juu ya Simbolismu katika uchoraji, alianza na picha hiyo.

Wanawake wa Bretagne, wenye vitambaa vyeupe kichwani, wamekwisha kusikia mahubiri. Ng'ambo ya shina la mti Yakobo anapigana mweleka na Malaika (Mwanzo, sura ya 32). Ardhi yote ni nyekundu. Gauguin alimwandikia Vincent van Gogh kwamba mapigano hayo yamo katika mawazo ya wale wanaosali tu. Neno hilo lishikeni, tutalirudia.

Picha ya asili ina sentimita 72 kwa 91. Chukueni nusu yake: katika Louvre nako, mwenye kunakili hukatazwa kufuata kipimo kilekile cha asili. Gawanyeni picha iliyochapwa kwa miraba, na kitambaa chenu vilevile, kisha mchore mraba kwa mraba.

Sasa rangi. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji yanayopaa hewani. Yanavuta oksijeni na kugeuka ngozi ngumu. Ndiyo maana rangi ya chini itiwe terebentina, na ya juu iongezwe mafuta. Ukigeuza, ya juu hukauka mbele na ya chini ingali inajongea. Sisi tuligeuza. Tulipaka nyekundu yenye mafuta mengi, nayo nyekundu ya zebaki hukauka polepole. Juu yake tukapitisha mistari ya buluu ya Prussia, inayokauka upesi, tena tuliilainisha kwa terebentina. Baada ya miezi michache mistari ilipasuka kama matope ya kiangazi.

(Nyekundu hiyo ya zamani ni zebaki na kiberiti, nyeupe ya zamani ni risasi. Msilambe burashi kamwe! Siku hizi wengi hutumia kadimiamu, lakini nayo si chakula.)

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tulipoona ile nyekundu tupu, tulidhani imepungukiwa, tukatia kivuli chini ya miguu ya Yakobo. Mara shamba likawa shamba la kweli, na wapiganaji wakawa watu wawili wanaogombana nyuma ya mti. Maono yakatoweka. Hapo tukafahamu kwa mkono yale ambayo Gauguin aliandika: penye kivuli pana jua, na mahali pale si pa jua letu.

Mtu atauliza: je, inafaa kunakili picha iliyokataliwa na padri? Ni kweli, Gauguin aliitoa kwa kanisa la Nizon, karibu na Pont-Aven, na paroko hakuipokea. Hatumlaumu. Picha ya kanisani ni ya waamini wote, naye alipaswa kuwaza juu yao. Lakini chumba cha kusomea si altare. Picha ya asili iko Edinburgh. Nakala yetu ya pili, isiyo na kivuli, iko mbele ya meza yetu, na kanisani hatukuipeleka.