Mlangamia: Mmea Usio na Majani wala Mzizi Ardhini

Ukipita vichaka vya pwani upande wa Kunduchi, wilayani Kinondoni, huenda ukaona nyuzi za kijani na njano zimetandazwa juu ya miti kama wavu wa mvuvi. Huo ni mlangamia. Wanasayansi huuita Cassytha filiformis, jina lililotolewa na Linnaeus mwaka 1753. Neno la pili maana yake ni "wenye umbo la uzi".

Mlangamia huanza maisha kama mimea mingine. Mbegu huota ardhini, ikatoa mzizi mdogo na shina jembamba linalotafuta pa kushika. Likipata mmea jirani hujizungusha na kutoa vifyonzi, viungo vidogo vinavyopenya gome hadi kwenye mirija ya maji. Baada ya hapo mzizi wake hufa. Maji na madini hutoka kwa mwenyeji. Majani yake yamebaki magamba madogo mno, ingawa ukijani wa shina bado huutengenezea sehemu ya chakula.

La kushangaza, mlangamia ni wa ukoo wa mparachichi na mdalasini. Mmea mwingine wa nyuzi unaofanana nao sana, kaskuta, ni wa ukoo wa kiazi kitamu. Hawa si ndugu. Wamefanana kwa sababu wanaishi maisha ya aina moja.

Kwa nini tuyajue haya? Mtu akichimba chini ya ua wake wa michongoma kutafuta mzizi wa mlangamia, hatauona. Akivuta nyuzi tu, vifyonzi vilivyobaki huweza kuchipua tena. Njia bora ni kukata tawi lenyewe lililoshikwa, kabla matunda hayajaiva, na kulichoma. Tusilitupe kwenye ua wa jirani.

Vichakani pwani tuuache. Ni mmea wa asili, na ndege hula matunda yake. Katika Laudato Si' (2015), Papa Fransisko alitukumbusha kuwa kila kiumbe kina thamani mbele ya Mungu.

Nasi tunapochunguza dhamiri jioni, tusiishie kuvuta nyuzi. Tutazame ni wapi tabia mbaya imetushika, tukubali kukata hapo, hata kama tawi ni letu.