Kabla ya Kusaini Mahudhurio

Katika kijiji chochote cha wilaya ya Rungwe, mwenye sauti ya mwisho si mwenyekiti wala mtendaji. Ni mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inawaweka humo wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, nao hutakiwa kukutana kila baada ya miezi 3. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, hutenda kwa niaba yao.

Tumezoea kupaza sauti kwenye mapato na matumizi, na ni haki yetu. Mimi nahofia zaidi karatasi ya mahudhurio. Hupitishwa mapema, kila mtu anasaini. Suala la ardhi linaguswa juu juu kwenye "mengineyo", mvua inashuka, watu wanakimbilia majumbani. Saini zile zile zinaweza kuambatishwa kwenye muhtasari unaosema wanakijiji wameridhia eneo litolewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, kwa hiyo anayetaka eneo huutafuta muhtasari huo kwa udi na uvumba. Kwetu, ambako migomba, chai na parachichi vimebanana hadi kwenye kingo za barabara, ekari moja ni urithi wa ukoo mzima.

Basi ajenda ya ardhi itajwe tangu kwenye tangazo. Kabla mkutano haujafungwa, katibu, yaani mtendaji wa kijiji, asome azimio kwa sauti na kura zihesabiwe. Mzee akichangia kwa Kinyakyusa, asomewe kilichoandikwa kwa Kiswahili. Mjumbe mwenye maslahi katika jambo lenyewe ayatamke na akae pembeni.

Mkutano unaofuata huanza kwa kuthibitisha muhtasari uliopita, ndipo yaje yatokanayo. Wengi hufika wakati hatua hiyo imepita, ilhali hapo ndipo mahali pa kusema "hatukukubaliana hivyo" na kosa likarekebishwa kabla mwenyekiti hajasaini.

Wenyeviti waliochaguliwa Novemba 27, 2024 wana miaka 5 madarakani. Hiyo ni mikutano mikuu ya kawaida 20, na muhtasari wa kila mmoja mwanakijiji anapaswa kuuomba ofisini na kuusoma.