Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga wetu waliposema "mgeni njoo" hawakuishia hapo. Waliongeza, "mwenyeji apone". Kwetu sisi wakaazi wa Mji Mkongwe wa Unguja, nusu hiyo ya pili ya methali ndiyo isahauliwayo mara kwa mara.

Hivi karibuni nilipata heshima ya kumtembeza mgeni, mtumishi wa Serikali kutoka Bara, aliyekuja kikazi akabakiwa na siku moja ya mapumziko. Nilimpokea asubuhi bandarini Malindi, nikamsihi aliache gari, kwani mji huu hauonekani ila kwa miguu. Nilimpa na masharti matatu, ambayo nawe ndugu msomaji waweza kumpa mgeni wako: avae nguo za heshima, atoe salamu kabla ya kuuliza njia, na asimpige mtu picha bila ya ridhaa yake.

Tuliifuata pwani ya Mizingani hadi Forodhani, bustani iliyotengenezwa upya mwaka 2009. Mbele yake imesimama Ngome Kongwe, waliyoijenga Waarabu wa Omani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Mgeni wangu alisimama kimya kwa muda. Nilimwambia kwamba habari hiyo tutairudia kabla jua halijatua.

Kutoka hapo tuliingia vichochoroni. Nilimwonyesha milango ya mbao iliyotiwa nakshi na kupigwa njumu za shaba, lakini nilimtaka azitazame zaidi barza, yale mabenchi ya mawe yaliyoshikana na kuta. Hapo ndipo mtu hupumzika, hupokea habari na hufanya biashara ndogo ndogo. Na mvua ikifurika kichochoroni, watu hupita juu yake. Sokomuhogo tulikaribishwa kitako na wazee waliokuwa wakinywa kahawa chungu kwa kashata. Mgeni alizitazama ghorofa zilizotuzunguka, akauliza kwa sauti ya chini, "Hivi humu ndani bado wanaishi watu?"

Mzee mmoja akatabasamu. "Wamo, bwana. Lau wasingekuwamo, nawe usingeikuta nyumba."

Jawabu hilo ndilo mji wenyewe. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo uliochanganywa na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba: upana wake hufuata urefu wa boriti. Ujenzi huo hustahimili joto na miaka mingi, lakini adui yake ni maji. Bati likitoboka, au mlizamu ukiziba, maji hupenya ukutani, chokaa hulainika, na ncha za boriti huoza mahali pasipoonekana. Saruji tunayoipaka juu ili kuficha ufa huufungia unyevu ndani na kuzidisha maradhi. Mwenye kulala chini ya dari hiyo huisikia tone la kwanza usiku uo huo. Nyumba iliyofungwa haina wa kuisikia.

Mchana tulifika Mkunazini, palipojengwa kanisa la Kianglikana juu ya uwanja wa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Hapo sikumweleza mengi. Ni pahala pa kunyamaza. Kisha tukatokea Darajani, kwenye soko lililojengwa mwaka 1904. Nilimkumbusha kwamba jina hilo latokana na daraja lililovuka mkono wa bahari, kabla haujafukiwa, na kwamba ng'ambo yake ndiko kulikopata jina la Ng'ambo. Tukavuka barabara, tukayaona majumba marefu ya Michenzani, ili asirudi kwao akidhani kuwa mji wetu ni ule wa mawe peke yake. Tukala urojo, akaomba bakuli la pili.

Jioni tulirudi Forodhani, moshi wa mishikaki ukipanda na watoto wakijirusha baharini. Ndipo nilipotimiza ahadi yangu ya asubuhi. Nilimwambia kuwa mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia, na kwamba heshima hiyo haizibi tundu la bati. Jumba la fahari lilipoanguka, dunia nzima ilipata habari. Nyumba ya mjane ikianguka uchochoroni, wanaojua ni majirani.

Hatuwakatai wageni, wala hatuchukii hoteli. Lakini ikiwa kila nyumba itageuzwa nyumba ya wageni, huyo mgeni atakayekuja atamkuta nani barzani? Kwa hiyo twawaomba wakuu wetu mambo mawili yasiyo makubwa. Kwanza, kila mwaka kabla ya masika, mapaa na milizamu ya nyumba za Serikali na za Wakfu yakaguliwe, na chokaa itumike pale inapostahili chokaa. Pili, sehemu ya fedha waletazo wageni iwafikie wakaazi wasio na uwezo wa kutengeneza. Nasi wakaazi tusingoje kila kitu. Mlizamu uliojaa majani hauhitaji kibali kusafishwa.

Mgeni wangu aliondoka kwa boti ya asubuhi. Aliponipa mkono wa kwaheri hakuitaja Ngome wala milango. Alisema, "Nisalimie wale wazee wa barzani." Salamu nimezifikisha. Iliyobaki ni kazi yetu, ili akirudi awakute wazee hao, na nyumba zao ziwe bado zimesimama.