Mwanza, Mji wa Mawe na Maji

Msafiri atokaye Shinyanga hufika Usagara kabla hajaliona ziwa. Hapo njia hugawanyika. Moja huendelea kaskazini hata Mwanza. Moja hushika upande wa magharibi kwenda Kigongo, ambako zamani watu walingojea kivuko kwa muda mrefu, na tangu mwezi wa Juni, 2025, huvuka kwa daraja lenye urefu upatao kilometa 3. Na moja huzunguka nyuma ya mji hata Kisesa. Mwenye haraka hushika njia ya mjini. Asiye na haraka na aanze na Kisesa, kwa maana karibu yake pana Bujora.

Huko Bujora, katika miaka ya 1950, padre mmoja wa Kanada, jina lake David Clement, alianza kukusanya vitu vya Wasukuma: ngoma za watemi, zana za kazi, na vyombo vya nyumbani. Nyumba mojawapo imejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Tena mwezi wa Juni huwa na mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu. Makundi hayo yalitokana na waganga wawili waliopigana kwa dawa, na hata leo kila upande hutafuta hila ya kuwavuta watazamaji. Wengine hucheza na chatu aliye hai. Hakuna haja ya mwamuzi: anayezungukwa na watu wengi zaidi ndiye mshindi.

Mtu akiingia Mwanza, kwanza huyaona mawe. Mengine yamekaa juu ya mengine kana kwamba mtoto akiyasukuma yataanguka, na jiwe la Bismarck limesimama majini karibu na kivuko cha Kamanga. Mawe hayo hayakupangwa na mtu. Zamani sana yalikuwa mwamba mmoja chini ya ardhi, wenye nyufa nyingi. Maji yaliingia katika nyufa, yakaulainisha mwamba polepole. Na kwa kuwa pembe huliwa upesi kuliko ubavu, kila pande likawa mviringo. Kisha mvua za miaka mingi zikachukua udongo, na mawe yakabaki wazi.

Kisiwa cha Saanane ki karibu na mji, nacho hufikiwa kwa mashua. Jina lake ni la mzee aliyekaa hapo kabla ya serikali kukitwaa. Mwaka 1964 kilifanywa mahali pa kutunzia wanyama, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Mna swala, pimbi, na kenge, na mamba hukaa kando ya maji.

Chakula cha Mwanza ni samaki. Sato hukaangwa mzima akaliwa kwa ugali, na mkono ndio kijiko chake. Atakaye dagaa wakavu wa kupeleka nyumbani huenda soko la Mwaloni, huko Kirumba. Harufu itamwonyesha njia.

Katika nchi ya Uingereza watu huenda miji ya pwani, kama Brighton, ili waoge. Desturi hiyo ilipata nguvu katika karne ya 18, waganga walipowaagiza wagonjwa waingie baharini, na hata kuyanywa maji yake ya chumvi. Mwanza waganga husema kinyume, nao wana sababu. Mgonjwa wa kichocho ajisaidiapo majini au ukingoni, mayai ya mdudu huingia ziwani. Watotowe hukua ndani ya konokono wadogo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, naye hasikii kitu. Dawa ipo, lakini aliyepona akirudi kuoga hapo huweza kuupata tena. Maji yaonekanayo safi si dalili ya usalama, kwa kuwa mdudu huyo haonekani kwa macho.

Mgeni basi na aoge katika nyumba ya wageni. Ziko za bei kila namna. Za ukingoni, upande wa Capri Point, ni ghali, na zilizo mbali na maji ni nafuu. Lakini mwenye jamaa mjini asithubutu kulala katika nyumba ya kulipia. Habari zitafika kwa shangazi kabla ya asubuhi.