Sema "anatokelezea", achana na "sura ya TV"

Taarifa ya saa moja ikianza, ingia hoteli yoyote kule kwetu Manga, Nyamira, uagize chai kisha usikilize meza. Habari yenyewe inakuja baadaye. Kwanza mtangazaji anapimwa. "Huyu aliumbiwa TV." "Huyu naye wangemwacha tu redioni." Mandazi hayajafika na tayari mmoja ameajiriwa, mwingine amefutwa kazi.

Kiingereza kina kivumishi cha mtu anayependeza kwenye runinga: telegenic. Walichukua tele ya televisheni wakaibandika mkia wa neno walilokuwa nalo la picha, photogenic. Sisi hatuna kivumishi kimoja cha kubeba mzigo huo. Tuna "ana sura ya TV", tuna "kamera inampenda", na mtaani tuna kitenzi kitamu kuliko vyote: anatokelezea. Unaweza kudhani ni maneno ya maana moja. Si moja manze, na tofauti hiyo inanyima watu kazi.

Angalia sarufi kidogo (vumilia, mimi chuo nilikiacha lakini somo hili nilisikiza). "Sura ya TV" ni kitu unacho au huna, kama dimpo. Ukishaambiwa huna, basi, utaenda kuinunua wapi? Lakini kitenzi kina wakati. Alitokelezea. Anatokelezea. Hakutokelezea jana kwa sababu alilala saa tisa usiku, taa ilikuwa mbovu na shati lilikuwa la mistari midogo midogo ile inayocheza kwenye skrini. Kesho atatokelezea. Kitenzi kinakubali kwamba kuna kazi imefanyika, na kwamba walioifanya ni wengi.

Binamu yangu alitoka Manga na diploma yake ya uanahabari akaenda Nairobi kufanya intavyuu kwenye kituo kimoja. Alisoma habari vizuri, Kiswahili kimenyooka. Jibu alilopewa ni kwamba sauti ni fiti ila "sura ni ya redio". Alisema hiyo kauli ilimuuma kwa sababu haikuwa na swali ndani yake. Angeambiwa asome polepole, angesoma polepole. Sasa sura unaifanyia mazoezi wapi? Wiki iliyofuata rafiki yake alimletea krimu ya kujichubua. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zilishapigwa marufuku Kenya lakini mtaani bado zinauzwa, na anayezinunua mara nyingi ni mtu aliyeambiwa kitu kama hicho.

Hapo ndipo ninapokasirika, maana kamera yenyewe haikuja duniani bila upendeleo. Miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilikuwa ikiwapa wasafishaji picha kadi ya kupimia rangi. Kwenye kadi kulikuwa na mwanamke Mzungu, na kadi zikaitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa picha za mwanzo. Ngozi ya Shirley ikitoka sawa, mashine iko sawa. Ngozi nyeusi ikawa inatoka kama kivuli chenye meno, na lawama akabebeshwa mwenye ngozi. Unajua ni nani walilalamika Kodak ikasikia? Watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao. Walitaka picha zionyeshe tofauti ya chokoleti moja na nyingine, mbao hii na ile. Ni katika miaka ya 1990 ndipo kadi zikaanza kuwa na wanawake wa rangi tofauti pamoja. Kamera za runinga za rangi nazo zilikuwa zikipimwa kwa sura za Wazungu vilevile. Kwa hiyo mtu akikuambia "kamera haikupendi", una haki ya kuuliza ilifundishwa na nani kupenda.

Na ile poda ya studio, kabla hujaiga unachoona, kazi yake kubwa ni kuzima mng'ao wa mafuta chini ya taa kali. Haikuwekwa pale kumbadilisha mtu awe mweupe. Hata Wazungu iliwapiga chenga. Richard Nixon, Septemba 26, 1960, alifika Chicago kwa mdahalo wa kwanza wa urais kwenye runinga, ametoka hospitalini si kitambo kwa sababu ya goti. Akakataa kupakwa vipodozi vya maana. John Kennedy alikuwa na rangi ya jua na usingizi wa kutosha. Watu wamekuwa wakisema tangu hapo kwamba Kennedy alikuwa na sura ya TV. Mimi nasema usiku ule alitokelezea, na Nixon hakutokelezea, kisha Nixon huyohuyo akachaguliwa rais mwaka 1968.

Kwetu Kenya jaribio lilikuja Februari 11, 2013, mdahalo wa kwanza wa urais, wagombea wanane wamepangwa shuleni Brookhouse, Nairobi. Kama kulikuwa na mtu wa "sura ya TV" pale, ni Peter Kenneth. Suti imemkaa, maneno yanatoka kwa mpango, vijana wa mtandaoni tayari wamemwapisha. Debe lilipofunguliwa alikuwa na kura 72,786, chini ya asilimia moja. Upande mwingine alisimama Mohammed Abduba Dida, mwalimu ambaye wengi walikuwa hawajawahi kumsikia. Hakuna ajenti angemchagua kutangaza sabuni. Alijibu kama mtu aliye kwenye baraza ya nyumba yake, watu wakacheka, wakamsikiza. Alipata 52,848 na kuwapita Martha Karua, James ole Kiyiapi na Paul Muite. Si kura za kushinda chochote. Lakini kwa mtu asiyejulikana, saa chache za runinga zilifanya kitu ambacho sura peke yake haikumfanyia Kenneth.

Kwa sisi Abagusii kuna kipimo kingine kinachojificha ndani ya sura: ulimi. Ekegusii haina sauti ya "l", kwa hiyo mzee wetu akisema "rakini" anasema kwa lugha aliyonyonya. Vichekesho vya runinga vimekula mkate miaka mingi kwa hiyo "r". Mkisii kwenye skrini anawekwa awe mlinzi mkali au mtu wa hasira za ghafla. Halafu msichana kutoka Manga anakuja intavyuu, anafungua mdomo, na mwenye kiti tayari anatabasamu kabla hajasikia habari. Huyo naye ataambiwa ni sura.

Sasa muulize mwenye kiti huyo kuhusu Embarambamba. Msanii wa injili kutoka Kisii, anagaagaa matopeni, anapanda miti, anapita katikati ya migomba kama ng'ombe aliyekata kamba. Kwa kipimo cha studio, hapana. Na Kenya nzima ilimtazama. Mimi baadhi ya anayofanya siwezi kumwonyesha mama, lakini huwezi kuniambia kamera haimpendi. Kamera haiwezi hata kupepesa macho.

Binamu yangu siku hizi anasoma habari za kaunti kwa simu, anaziweka TikTok, na dirisha la jikoni ndilo taa yake. Ameketi akilitazama, hajalipa mgongo. Hiyo tu, na watu wakaanza kumwandikia "unatokelezea siku hizi", kana kwamba alibadilisha uso.

Kwa hivyo ukipanda Manga jioni kurekodi, pale kwenye ukingo ambapo anga ikiwa safi unaona hadi upande wa Ziwa Victoria, usisimame na jua nyuma yako. Simu itapima lile anga jeupe na wewe utabaki kivuli. Geuka ulitazame jua. Ikiwa lazima ziwa lionekane nyuma, gusa uso wako kwenye skrini, kialama cha jua kitokee kando, ukivute juu taratibu mpaka uone ngozi yako ilivyo. Anga litaungua kidogo. Liache liungue.