Keki ya Ndizi kwa Meza Moja: Punguza Sukari, Usimtenge Mgonjwa

Jumapili jioni, kuanzia Jericho na Kaloleni hadi Umoja na Kayole, familia nyingi hupata nafasi ya kula pamoja bila haraka. Sahani zikishaondolewa na chai kuletwa, mtu huleta keki. Hapo ndipo tatizo huanza. Babu ana ugonjwa wa kisukari, mama anameza dawa za presha, na watoto wanangoja kipande cha kwanza. Babu akikataa, anakaa pembeni kama mgeni nyumbani kwake. Akila kama wengine, kesho yake kipimo kinapanda.

Nyumba nyingine hupika keki ya wazima na kumwekea mgonjwa tunda peke yake. Njia iliyo bora ni kuoka keki moja yenye sukari na mafuta kidogo, inayoliwa na meza nzima. Wazima nao watafaidika, maana afya yao hulindwa kabla ya kuugua.

Hesabu ya kipande kimoja

Kipimo cha keki kinachojulikana na wengi ni nusu kilo ya unga, robo kilo ya sukari na robo kilo ya majarini. Ukiikata keki hiyo vipande 16, kila kipande kina zaidi ya gramu 15 za sukari, yaani karibu vijiko vinne vya chai, na majarini kiasi hicho hicho.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima, asilimia 5 ni kama gramu 25, au vijiko sita vya chai. Kipande kimoja cha keki ya kawaida pamoja na kikombe cha chai chenye vijiko viwili vya sukari kinakufikisha hapo, na bado hujahesabu ulichokula asubuhi.

Kwa nini keki isiyo na sukari hukauka

Wengi wamejaribu kupunguza sukari wakapata keki ngumu kama mkate wa juzi. Sababu ni kwamba sukari haileti utamu peke yake. Huzuia maji yasipotee na hulainisha keki. Mafuta nayo huzuia unga usikaze. Ukiviondoa viwili hivi, lazima uweke kitu kingine kifanye kazi yao.

Hapa kazi hiyo inafanywa na ndizi mbivu na maziwa mala. Ndizi inapoiva, wanga wake hugeuka kuwa sukari, kwa hiyo zile zenye madoa meusi ndizo tamu na laini zaidi. Ndizo pia mama mboga huziuza kwa bei nafuu jioni, kwa sababu hazitafika kesho. Mala huleta unyevu na uchachu unaolainisha unga.

Mahitaji (vipande 10)

- Ndizi mbivu 3 kubwa
- Unga wa atta kikombe 1 na unga mweupe wa ngano kikombe 1
- Mayai 2
- Maziwa mala nusu kikombe, yasiyoongezwa sukari
- Mafuta ya maji ya kupikia robo kikombe
- Sukari vijiko 4 vya mezani
- Beking pauda vijiko 3 vya chai
- Mdalasini kijiko 1 cha chai, iliki kidogo na chumvi kidogo sana

Kwa kipimo hiki, kila kipande kina takriban gramu 5 za sukari iliyoongezwa, yaani theluthi ya ile ya kawaida. Mafuta pia yamepungua kwa kiasi kama hicho. Mdalasini na iliki huufanya mdomo uone utamu zaidi ya uliopo.

Namna ya kuoka

1. Paka sufuria ya upana wa sentimita 20 mafuta kidogo, kisha nyunyiza unga ndani.
2. Ponda ndizi hadi zilainike. Ongeza mayai, sukari, mafuta na mala, ukoroge.
3. Chekecha unga, beking pauda, viungo na chumvi katika bakuli lingine. Pumba zinazobaki kwenye chekecheo zirudishe ndani. Ndizo faida ya atta.
4. Mimina mchanganyiko wa ndizi kwenye unga. Koroga hadi unga mkavu usionekane tena, kisha acha. Ukiendelea kukoroga, keki itakaza. Ikiwa nzito sana, ongeza vijiko viwili vya mala.
5. Oka mara moja, kwa sababu beking pauda huanza kufanya kazi ikishalowa.

Mwenye oveni aweke nyuzi 180 kwa dakika 45 hivi. Asiye nayo atumie jiko la makaa. Chukua sufuria kubwa nzito, weka mchanga safi mkavu wa kimo cha vidole viwili, funika na uipashe moto dakika 10. Weka sufuria ya keki juu ya mchanga, funika kwa mfuniko bapa wa bati, kisha weka makaa juu yake. Kanuni ni moto mwingi juu, mchache chini. Usifunue kabla ya dakika 30. Choma keki katikati kwa kijiti safi. Kikitoka kikavu, imeiva. Ukipenda tanuri la makaa lililo tayari, mafundi wa jua kali wa Kamukunji huyatengeneza.

Tahadhari: Usitumie jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaweza kuua watu wakiwa usingizini. Okea nje au mahali penye hewa ya kutosha, mbali na mtungi wa gesi na watoto, na usiliingize jiko ndani hadi makaa yazime kabisa.

Mezani

Acha keki ipoe kabla ya kuikata. Ipambe kwa vipande vya papai badala ya krimu ya sukari, na uiandae pamoja na chai isiyo na sukari au maji. Soma lebo ya soda kabla ya kuinunua: chupa moja ya mililita 300 inaweza kuwa na gramu 30 za sukari, sawa na vipande sita vya keki hii.

Hata hivyo, keki hii si dawa. Unga na ndizi bado hupandisha sukari mwilini. Mwenye kisukari ale kipande kimoja, apunguze ugali au chapati katika mlo huo, na asiache dawa zake.

Ikiwa hujawahi kupimwa sukari au presha, usingoje dalili. Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba wamekuwa wakipewa vifaa vya kupima vyote viwili. Atakapobisha hodi, mkaribishe. Asipofika, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe.